Nani alikuwa ndani ya ile motokari?

Kati ya michezo yote ya televizyo uko mmoja ambao vijana wa parokia yetu hawauachi hata njaa ikiwauma: ule wa askari wa barabara kuu wanaowafuata wabaya. Habari yake inajulikana. Motokari moja inakimbia, nyingine inaifuata ikipiga kelele, mipira ya magurudumu inalia, watu wa njiani wanaruka pembeni, na mwishoni yule mbaya ama anafungwa pingu, ama motokari yake inaruka juu na kuwaka moto. Hata mtoto asiyesikia Kifaransa anafahamu yote, maana kukimbia na kufukuzana hakuhitaji mkalimani.

Mimi pia naitazama michezo hiyo, tena kwa furaha. Nasema mapema ili mtu asidhani kwamba katekista ameshika kalamu kuikataza televizyo. Lakini nina desturi moja niliyoipata seminarini. Mwalimu wetu mmoja alitufundisha kwamba mbele ya kila hadithi tuulize: nani anasema, na nani ananyamaza? Ulizo hilo limenifanya nizitazame tena hadithi tatu za askari wa barabara, mbili za Marekani na moja ya Ujerumani, na sasa nataka kuwaeleza niliyoyaona.

Ya kwanza ni ya zamani sana. Jina lake ni Highway Patrol, maana yake ulinzi wa barabara kuu. Ilianza kuonyeshwa mwaka 1955, ikaisha mwaka 1959, sehemu 156, kila moja ya nusu saa. Ilitengenezwa na kampuni ya Ziv, na picha zake hazina rangi. Siku hizi inapatikana kwenye simu, ndivyo nilivyoiona. Mkubwa wa askari anaitwa Dan Mathews, naye anachezwa na Broderick Crawford, mtu mnene, mwenye kofia na sauti ya kukwaruza, anayesema mbio kama mtu anayeona mafuta ya taa yake yanakwisha. Msimdhanie kuwa mchezaji mdogo. Mwaka 1950 alikuwa amepewa Oscar, ile zawadi kubwa ya sinema za Marekani, kwa kazi yake katika sinema All the King's Men. Jimbo analolilinda Mathews halitajwi hata mara moja, ingawa vilima vikavu vinavyoonekana nyuma yake ni vya California.

Nilingoja kuona mbio. Mbio zipo, lakini si nyingi, na motokari za wakati ule zinayumba katika kona kama mwanamke aliyebeba mtungi uliojaa. Silaha ya kweli ya Mathews ni redio. Anaegemea motokari yake, anashika kile chombo cha kusemea, anauliza: barabara ngapi zinatoka katika mji huu? Wekeni barieri pale penye daraja. Wekeni nyingine kwenye njia panda. Halafu anangoja. Askari wa Marekani walizoea kusemezana kwa hesabu badala ya maneno, na ile hesabu ya 10-4, yaani "nimesikia", Crawford aliisema mara nyingi hata ikaingia katika midomo ya watu wasio askari. Mbaya ana motokari yenye nguvu, askari ana ramani. Wale wanaotega panya mashambani watafahamu upesi: panya aliyeingia ndani ya mwanzi anaweza kukimbia apendavyo, lakini mwanzi una matundu mawili tu. Anayejua matundu hana haja ya kukimbia.

Tena kuna jambo lililonichekesha na kunipendeza pamoja. Hadithi ikiisha, Crawford anawageukia watazamaji na kuwapa shauri la namna ya kuendesha motokari vizuri, kama mkubwa wa familia anayewaaga wageni mlangoni na kuwaambia waangalie mashimo. Baada ya wezi na bastola zote, neno lake la mwisho ni kwa shofere wa kawaida anayerudi nyumbani kwake. Mtu yule anakumbukwa. Kwa sababu hiyo nauhesabu mchezo huo wa zamani kuwa bora kuliko miwili iliyoufuata, ingawa vijana niliowaonyesha walisinzia.

Mchezo wa pili ni CHiPs, ulioonyeshwa na NBC kutoka mwaka 1977 mpaka 1983, sehemu 139. Jina lake limetoka katika herufi za kwanza za California Highway Patrol, polisi ya kweli ya barabara za California, iliyoundwa mwaka 1929. Hapa askari wawili wanapanda pikipiki: Jon Baker, anayechezwa na Larry Wilcox, na Ponch, anayechezwa na Erik Estrada, mwenye meno meupe na kicheko kisichokwisha. Jua linawaka, barabara ni pana, muziki ni wa kuchezwa. Bastola ziko viunoni, lakini karibu hazitolewi kamwe, na jambo hilo linastahili sifa katika michezo ya namna hii.

Lakini motokari zake! Moja inasimama ghafula, ya pili inaigonga, ya tatu inapanda juu ya ya pili, ya nne inaruka kama mbuzi na kuanguka juu ya mgongo wake, na hivyo mpaka ya nane ao ya kumi. Mvuke unatoka. Ndipo shofere wa ile iliyopinduka anatokea dirishani, anapangusa suruali yake, na kuanza kugombana na jirani. Hakuna mfupa uliovunjika. Mtoto anayetazama hayo kila siku ya posho atajifunza kwamba chuma kinaumia kuliko mwili. Mwili wa Estrada mwenyewe ulifundisha kinyume: mwaka 1979, wakati wa kupiga picha, aliumia vibaya kwa pikipiki yake, na ikabidi alazwe hospitali.

Na polisi ile ya kweli ilikuwa na kumbukumbu ambayo mchezo huo wa furaha haukuigusa. Miaka saba kabla haujaanza, usiku wa tarehe 5 Aprili 1970, karibu na saa sita, pale Newhall, kaskazini ya Los Angeles, askari wa barabara walisimamisha motokari yenye watu wawili. Walikuwa wamepata habari kwamba mmoja wao alimtishia mtu kwa bastola njiani. Katika muda usiofika dakika tano askari wanne wakawa wamekufa. Wote walikuwa vijana, na hakuna aliyekuwa ametimiza miaka miwili katika kazi ile. Angalieni: hapakuwa na mbio. Motokari zilikuwa zimesimama, na askari walikuwa wanatembea kwa miguu kuelekea dirishani. Baada ya usiku ule polisi ya California ilibadili mafundisho yake, ikawafunza askari upya namna ya kuikaribia motokari ya mtu wasiyemjua, na namna ya kuwangojea wenzao.

Tangu nisome habari hiyo, nikimwona askari wetu wa roulage akiinua mkono mbele ya kamio ya tani thelathini, namtazama kwa macho mengine. Hana farasi wala pikipiki ya kung'aa. Ana firimbi, na kitambaa cha kufutia jasho, na kati yake na ile kamio hakuna kitu isipokuwa utii wa shofere. Sinema ya mtu huyu bado sijaiona, na nadhani hakuna atakayeitengeneza, maana nusu ya siku yake ni kusimama tu.

Sasa nafika kwenye mchezo wa tatu, ambao ndio vijana wetu wanaoupenda hasa. Kwa Kijerumani unaitwa Alarm für Cobra 11, na sisi tunaoupata kwa Kifaransa tunaujua kwa jina la Alerte Cobra. Ulianza tarehe 12 Machi 1996 kwenye televizyo ya RTL ya Ujerumani, ukaendelea zaidi ya miaka ishirini. Cobra 11 ndilo jina ambalo askari wake wanaitwa kwenye redio. Wanalinda zile barabara ambazo Wajerumani wanaziita Autobahn, ambapo sehemu nyingi hazina mpaka wa mwendo, ila shauri tu la kutopita kilometa 130 kwa saa.

Mkubwa wa hadithi ni Semir Gerkhan, mtoto wa Waturuki, naye anachezwa na Erdoğan Atalay, aliyezaliwa Hannover, na baba yake ni Mturuki vilevile. Wenzake walibadilika mara kwa mara, mmoja anauawa katika hadithi, mwingine anaondoka, lakini Semir anabaki. Waturuki waliitwa Ujerumani kama wafanyakazi kwa mapatano ya mwaka 1961, na kwa muda mrefu waliitwa wageni hata kama watoto wao walizaliwa pale. Kumwona mtoto wao akilinda barabara za nchi ile mwaka baada ya mwaka, na Wajerumani wakikaa chumbani kumtazama, ni jambo lililofanya kazi kuliko mahubiri mengi, na mimi ni mhubiri.

Lakini mchezo wenyewe ni moto. Kampuni inayoitwa action concept, yenye makao Hürth, karibu na Köln, ina mafundi wa kurusha motokari, na ufundi wao unasifiwa katika nchi nyingi. Karibu kila sehemu inaanza na ajali kubwa barabarani kabla hata hujajua nani ni nani. Kamio inakatisha njia, motokari ndogo zinapanda juu yake na kuruka, moja inawaka, nyingine inazunguka hewani. Huku katikati, Semir na mwenzake wanapita wakitikisa vichwa, wanaendelea kumfuata mtu wao.

Siku ya posho moja, baada ya mafundisho ya kipaimara, wanafunzi wangu walikwenda kwa jirani mwenye televizyo, nami nikawafuata. Ikaja picha ya namna hiyo. Motokari ya wabaya iliigusa kamio, kamio ikayumba, na motokari ndogo nyekundu iliyokuwa ikienda zake taratibu ikapanda ukingo wa chuma, ikapinduka mara tatu, ikalala. Semir akapita. Vijana wakapiga makofi. Ndipo msichana mmoja, wa miaka kumi na miwili, akanigeukia akaniuliza:

"Mwalimu, nani alikuwa ndani ya ile motokari nyekundu?"

Wavulana wakacheka. "Hakuna mtu. Ni sinema."

"Najua ni sinema," akasema. "Nauliza, ndani ya sinema, nani alikuwa ndani?"

Nikamjibu kwamba hawakutuonyesha. Akasema: "Ndiyo maana nauliza, Mwalimu." Akanyamaza, akaendelea kutazama. Baba yake ni shofere wa taxi kati ya Lubumbashi na Likasi.

Wasomaji, njia ile mnaijua. Ni njia ya watu wote. Zinapita kamio za shaba na za kobalti, zinapita taxi zilizojaa watu na mifuko ya unga, anapita mtu anayesukuma kinga iliyobeba magunia ya makala kuliko urefu wake, wanapita wanafunzi kwa miguu. Kila mtu ana safari yake, na hakuna anayejua kama dakika ile ile, nyuma yake kilometa mbili, kuna mtu anayemkimbia mwingine. Mimi nimesimama mara nyingi kanisani mbele ya sanduku la mtu aliyekufa njiani, na sijawahi kusikia familia ikiuliza motokari iliyomgonga ilikuwa na nguvu gani.

Ulizo la msichana yule limeniharibia mchezo, ao pengine limenitengenezea. Sasa naona kwamba katika kila kufukuzana kuna watu watatu: anayekimbia, anayefuata, na yule aliyekuwa njiani kwa shughuli zake. Sinema inatupa jina la wa kwanza na la wa pili. Tunajua kwa nini mmoja ameiba na kwa nini mwingine ana hasira. Wa tatu ni rangi tu ya motokari. Analipa gharama yote ya ile furaha yetu, wala hapewi hata neno moja la kusema.

Na katika mambo ya kweli wa tatu huyo hafi kama katika CHiPs, akapangusa suruali. Kule Marekani wanaokufa kila mwaka katika kufukuzana na polisi wanahesabiwa kwa mamia, na si wachache kati yao waliokuwa wapita njia tu. Lakini sinema imeingia ndani ya macho ya watu hata wakiona mbio za kweli wanaketi kama mbele ya mchezo. Tarehe 17 Juni 1994 polisi ya Los Angeles na ile ya barabara kuu walimfuata O. J. Simpson, mchezaji mkubwa wa mpira wa Kimarekani, aliyekuwa ametakiwa na polisi kwa kuuawa kwa aliyekuwa mke wake na kijana mmoja. Alikuwa ndani ya Ford Bronco nyeupe iliyoendeshwa na rafiki yake. Mwendo ulikuwa mdogo, kama msafara wa harusi. Inasemwa kwamba watu yapata milioni 95 walitazama kwenye televizyo, na wengine walitoka wakasimama juu ya madaraja kupunga mikono. Watu wawili walikuwa wameuawa, na juu ya daraja watu wanashangilia! (Mwaka 1995 baraza lilimwachilia Simpson katika kesi ile ya kuua, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Kama mtu anadhani kwamba macho ya sinema ni ya watu wa njiani tu, asikie habari ya kesi moja iliyofika mbele ya mahakama kuu kabisa ya Marekani. Mwezi wa Machi mwaka 2001, usiku, katika jimbo la Georgia, kijana wa miaka 19 alikuwa anaendesha motokari yapata kilometa 117 kwa saa, mahali ambapo sheria inaruhusu 88. Hakuwa ameiba kitu, hakuwa ameua mtu. Askari aliwasha taa ili asimame, naye akaongeza mwendo. Wakamfuata dakika sita, karibu kilometa 16, katika njia ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya watu wawili kupishana, mmoja akienda na mmoja akija. Mwishoni askari mmoja aliisukuma motokari ya kijana kwa nyuma. Ikatoka njiani, ikashuka bondeni, ikapinduka. Kijana hakufa, lakini mikono na miguu yake ikapooza kwa maisha yake yote.

Alimshitaki yule askari. Motokari za polisi zilikuwa na kamera, na waamuzi wakatazama picha. Mwaka 2007 wanane kati ya tisa waliamua kwamba askari hakuvunja haki ya kijana, kwa sababu kijana alikuwa anahatarisha maisha ya wengine waliokuwa njiani. Mwamuzi aliyeandika hukumu, Antonin Scalia, alisema kwamba alichokiona kilifanana na mbio za motokari za Hollywood, zile za kutisha kabisa. Neno hilo lilinishitua. Mwamuzi wa mahakama kuu anatafuta kipimo cha kupimia jambo la kweli, na kipimo kilicho karibu na mkono wake ni sinema.

Mwamuzi mmoja alikataa, naye ni mzee kuliko wote, John Paul Stevens, aliyekuwa na miaka 87. Alitazama picha zile zile, akaona jambo lingine. Aliona usiku ambao njia ilikuwa karibu tupu, na motokari chache zilizokuwa zimekwisha kusogea pembeni kwa kusikia kelele za polisi. Alisema numero ya motokari ilikuwa imekwisha kuandikwa, kwa hiyo kijana angeweza kukamatwa nyumbani kwake siku nyingine. Akaongeza, kwa utani kidogo wa kizee, kwamba kama wenzake wangalijifunza kuendesha wakati ambapo njia zilikuwa nyembamba za kupishana, na kila shofere alilazimika kupima haraka kama atampita mwenye mwendo mdogo huku mwingine anakuja mbele, pengine picha ile isingaliwatisha hivyo.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu chumbani. Sisi tunaosafiri kwenda Kolwezi ni wanafunzi wa shule ya mzee Stevens! Lakini nilipomaliza kucheka nikaona kwamba ulizo la msichana wangu linamsumbua hata yeye. Wale wanane nao walimkumbuka mtu wa tatu. Ni kwa ajili yake walisema kwamba askari alifanya haki. Walisema vilevile kwamba polisi wakiacha kufuata, kila mkosaji atajua kwamba akikanyaga mafuta kwa nguvu amekwisha kuokoka, na mbio zitaongezeka. Wote walikuwa wanamlinda mtu wa motokari nyekundu, kila mmoja kwa njia yake, na njia hizo hazipatani.

Si maneno ya mahakamani tu. Mji wa Milwaukee, kaskazini mwa Marekani, ulijaribu. Mwaka 2010, baada ya wapita njia kuuawa na motokari zilizokuwa zinawakimbia polisi, mkubwa wa polisi alikaza kanuni: askari wasimfuate mtu kwa mbio isipokuwa kama kuna jambo la kumwaga damu ao la kutumia nguvu. Muda ukapita, wezi wa motokari wakaifahamu kanuni hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, wakawa wanapita mbele ya polisi bila hofu, wakiendesha kama wendawazimu katika njia za mji. Watu wa mji wakalalamika. Mwaka 2017 kanuni ikalegezwa, polisi wakaanza kufuata tena. Kwa hiyo wapita njia walikuwa katika hatari polisi walipofuata, na walikuwa katika hatari polisi walipoacha.

Mtaona kwa nini mimi namrudia yule mnene wa zamani mwenye redio. Sisemi kwamba mwaka 1955 watu walikuwa wema kuliko sasa. Lakini ile kazi ya kuuliza kwanza barabara ngapi zinatoka mjini, na kuweka mtu kwenye kila tundu la mwanzi, ndiyo inayompa yule wa tatu nafasi ya kufika nyumbani. Haipendezi kuitazama. Hakuna muziki unaofaa kuchezwa wakati mtu anapongoja. Na hata hiyo haitoshi siku zote, maana kuna barieri ambazo mwenye hofu atazivunja, na kuna wakati ambapo mtu aliyeko ndani ya motokari inayokimbia ni mtoto aliyeibwa, ndipo hakuna mzazi atakayekubali shauri la kungoja.

Niliwapelekea vijana wangu kesi ile ya Georgia, baada ya mafundisho, bila kuwaambia hukumu. Walikuwa kumi na wanne. Mvulana mmoja anayetaka kuwa polisi alisema mara moja: askari alifanya vema, kijana angalisimama tangu mwanzo yasingalimpata. Mwingine akasema: kwa kosa la mwendo tu, kupooza maisha yote? Hata Kaini hakufanyiwa hivyo. Wakaanza kusema wote pamoja. Nikawaomba wainue mikono: wanane wakawa upande wa askari, watano upande wa kijana.

Yule msichana hakuinua mkono upande wowote. Aliniuliza kama usiku ule, katika ile njia ya kupishana, kulikuwa na taxi. Nikamwambia kwamba motokari nyingine zilikuwepo, zikasogea pembeni, wala hakuna mwingine aliyeumia. Akauliza: "Zilisogea kwa sababu ziliona taa za polisi?" Nikamwambia ndiyo. "Na kama wasingalifuata, taa zisingalikuwepo." Mvulana wa polisi akasema: "Na kama wasingalifuata, asingalikimbia vile." "Unajuaje?" akasema msichana. Mvulana akaanza kumjibu, umeme ukakatika, nikafunga mlango wa darasa. Wakaenda wote kwa miguu kandokando ya njia kubwa, kamio zikiwapita, nami nikawasikia mpaka mbali wakiendelea kubishana.